Kubadilisha taa ya dari bila kupiga shoti: mwongozo kamili

Rozi ya zamani, kile kitako cha darini ambamo nyaya za taa zinaungana, inateremshwa. Nyaya nyekundu zote zinasokotwa pamoja, nyeusi zote pamoja, taa mpya inafungwa. Umeme ukirudi, taa inawaka hata kabla mtu hajagusa swichi. Swichi ikibonyezwa tu, pa! Breka inakata. Taa inarudishwa dukani kuwa ni mbovu, muuzaji anabadilisha, na ile ya pili inafanya vile vile.

Taa haina kosa. Kosa ni waya mmoja mweusi ambao si nyutro, yaani si ule wa kurudishia umeme.

Mwongozo huu ni wa kazi moja: kutoa taa iliyoning'inia kwenye rozi ya dari na kufunga nyingine mahali pale pale, kwa nyaya zile zile, hasa taa za LED za duara au mraba zinazobanwa kwenye dari. Nyumba inayozungumziwa ni ya kawaida ya Tanzania au Kenya: umeme wa volti 220 hadi 240, nyaya za milimita za mraba 1.5, breka ya taa ya ampea 6 au 10. Kuvuta waya mpya, kuhamisha taa au kufungua DB (boksi la breka) ni kazi nyingine. Hiyo mpe fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya. Na kama hata kushika multimeta hujawahi, mwite fundi kwa kazi hii pia, kisha usimame chini na mwongozo huu mkononi umwangalie.

## Vifaa

- Multimeta yenye kipimo cha volti za AC na mlio wa kontinyuiti, unaolia ncha mbili zikiwa zimeungana. Za bei ya chini zinatosha, mradi waya zake za kupimia hazijapasuka.
- Bisibisi bapa ndogo ya milimita 3 kwa konekta, na ya nyota kwa skrubu za boksi.
- Plaizi ya kukatia na kifaa cha kuchunia waya.
- Konekta za skrubu za ampea 15, vyumba vitano hivi. Zile za kubana kwa kiwiko, kama Wago, ni bora zaidi lakini ghali.
- Tepu ya umeme nyekundu na nyeusi, na maka peni.
- Skrubu mbili za M4, urefu wa milimita 25. Za kwenye rozi ya zamani mara nyingi zimeshika kutu.
- Dari ya zege: drili ya nyundo, biti ya milimita 6, rolplagi za saizi hiyo, skrubu namba 8 za inchi moja na nusu.
- Dari ya jipsamu: anka za kipepeo.
- Ngazi inayosimama yenyewe, miwani ya kuzuia vumbi na tochi ya kichwani. Kiti juu ya meza si ngazi.

Fanya kazi hii mchana. Utakuwa umezima taa, na giza likikukuta nyaya ziko nje utaharakisha, na haraka ndiyo inayochanganya rangi.

## Soma kibandiko kabla hujalipia taa

Volti. Tafuta maandishi "220-240V" au "AC 85-265V". Ndugu aliyeko Marekani akikuletea taa nzuri kwenye begi, angalia mara mbili. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake itaungua papo hapo. Rangi zake pia ni nyingine: kwenye taa za Marekani waya mweusi ndio wa moto, unaoleta umeme, na mweupe ndio nyutro. Hata ile inayokubali volti zetu, ukiifuata kwa mazoea ya hapa utaigeuza.

Alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine. Taa yenye alama hiyo haihitaji ethi, waya wa ardhini. Isiyokuwa nayo, na mwili wake ni wa chuma, lazima ifungwe ethi. Nyumba nyingi za zamani zina nyaya mbili tu darini, hakuna wa kijani. Kwa dari kama hiyo nunua taa ya plastiki yenye miraba miwili. Taa ya chuma isiyo na ethi inaweza kuwaka vizuri miaka kadhaa, hadi siku waya utakapogusa bati na mtu akaifuta vumbi.

Uzito. Taa ya LED ya duara ya wati 18 au 24 ni nyepesi na boksi la kawaida linaibeba. Shandelia ya kilo 3 kwenda juu isitundikwe kwenye boksi la PVC. Inahitaji nanga ndani ya zege au mbao iliyovuka juu ya dari.

Upana. Pima alama itakayoachwa na rozi ya zamani. Kitako cha taa mpya kisipoifunika, utabaki na duara la rangi tofauti darini, na hilo halifutiki kwa kitambaa.

## Hatua ya 1: Kata umeme kwenye DB

Swichi ya ukutani inakata waya mmoja tu. Ndani ya rozi nyingi kuna nyaya za moto zisizopita kwenye swichi hiyo, na hizo zina umeme saa zote.

Washa taa unayotaka kubadilisha, kisha zima breka moja moja mpaka izimike. Acha za soketi zikiwa zimewashwa kwa sasa. Utazihitaji katika hatua ya 2.

Mambo manne yanayowadanganya watu hapa:

Umeme kukatika kwa mgao si kuzima. Unarudi bila hodi.

Yuniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, kuisha si kuzima. Mtu yeyote nyumbani anaweza kuingiza tokeni akidhani anakusaidia.

Inveta au sola. Kwenye nyumba zenye mfumo wa akiba, taa ndizo zinazounganishwa kwanza. Ukizima umeme wa gridi peke yake, betri inachukua zamu na waya ulioshika una volti 230 kamili. Zima inveta kwenye swichi yake ya kutoa umeme.

Nyumba ya wapangaji. Taa ya korido au baraza inaweza kuwa inatoka kwenye mita ya jirani, na breka yako haiihusu kabisa.

Ukishazima, bandika tepu juu ya breka na karatasi: USIWASHE, MTU YUKO JUU. Waambie waliomo ndani pia, maana si kila mtu anasoma karatasi.

## Hatua ya 2: Hakikisha umeme haupo

Weka multimeta kwenye volti za AC, kipimo cha 600 au 750. Pima soketi yenye umeme kwanza. Ikionyesha kati ya 220 na 240, kifaa kinafanya kazi.

Panda, zungusha kifuniko cha rozi kwa mkono bila kugusa terminali. Pima kila kundi la nyaya dhidi ya kila kundi jingine, na kila moja dhidi ya ethi. Fanya hivyo swichi ya ukutani ikiwa imewashwa, rudia ikiwa imezimwa. Kisha shuka upime tena ile soketi. Kurudi kwenye soketi kunaonekana kama kupoteza muda, lakini betri ya multimeta ikiwa imekufa ukiwa juu, sifuri uliyoiona haina maana yoyote.

Umefaulu ukipata sifuri au karibu na sifuri kila mahali. Multimeta za dijitali wakati mwingine zinaonyesha volti chache zinazoyumbayumba kwenye waya ulioachwa bila kuunganishwa. Hizo hutokana na waya jirani wenye umeme ndani ya paipu ile ile, na maana yake ni kwamba kuna sakiti nyingine haijazimwa.

Sasa zima meni swichi kabisa. Boksi moja linaweza kupitisha nyaya za breka mbili, na friji haitaharibika kwa saa moja.

Testa ya bisibisi yenye kitaa isitegemewe kwa hatua hii. Kitaa chake kinawaka kwa umeme unaopita mwilini mwako kwenda ardhini. Ukiwa juu ya ngazi ya plastiki, viatu vya raba, mchana wa jua, kinaweza kuwa hafifu kiasi cha kutoonekana huku waya una moto.

## Hatua ya 3: Soma nyaya kabla ya kulegeza hata skrubu moja

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Piga picha mbili au tatu kwa simu, kutoka pande tofauti, nyaya zote zionekane zinaingia terminali gani.

Kisha angalia una mpangilio upi.

Mpangilio rahisi. Kuna moto mmoja unaotoka kwenye swichi, nyutro moja au mbili, na pengine ethi. Fundi aliyevuta nyaya aligawa moto kwenye maboksi ya swichi, si darini. Hapa huna cha kuchanganya: waya wa swichi kwenye L ya taa, nyutro kwenye N.

Mpangilio wa kuzungusha kwenye rozi. Rozi ina makundi matatu ya terminali, ukiacha ya ethi:

Kundi la kati lina nyaya nyekundu mbili au tatu, na *hakuna* waya wa taa hapo. Huu ni moto wa kudumu. Unaingia, unaendelea kwenda taa inayofuata, na mmoja unateremka kwenye swichi. Andika M.

Kundi la upande mmoja lina nyaya nyeusi pamoja na waya wa bluu wa taa. Hii ni nyutro. Andika N.

Kundi la upande wa pili lina waya mmoja, mara nyingi mweusi, pamoja na waya wa kahawia wa taa. Huu ndio unaorudi kutoka kwenye swichi. Andika S.

Huyo S ndiye mchawi wa kazi nzima. Kebo inayoteremka kwenye swichi ina waya mwekundu na mweusi kama kebo nyingine yoyote. Mwekundu unapeleka moto chini, mweusi unaurudisha juu swichi ikiwashwa. Fundi alitakiwa kuuvisha tepu nyekundu mwisho wake ili ujulikane. Wengi hawaivishi.

Kwa hiyo usisome rangi, soma mahali. Waya wa taa wa kahawia umekaa na nani? Huyo ni S. Wa bluu umekaa na nani? Hao ni N. Kundi lisilo na waya wa taa ni M. Mtu aliyegusa rozi hiyo zamani anaweza kuwa ameunganisha taa kinyume, kwa hiyo jumlisha na idadi: S karibu kila mara ni waya mmoja peke yake. Funga kipande cha tepu kwenye kila waya, andika herufi yake, halafu ndipo ulegeze.

Kwenye nyumba zilizofungwa karibuni rangi ni kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, kijani na njano kwa ethi. Mantiki ni ile ile: bluu inayorudi kutoka kwenye swichi si nyutro. Nyumba yenye fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, ina mtego wa ziada. Kwa rangi za zamani bluu ilikuwa fezi, na kwa rangi mpya nyeusi ni fezi. Kwenye nyumba ya namna hiyo pima kila waya, usikisie.

### Nyaya zimeshatolewa na picha haipo

Bado kuna njia, na haihitaji umeme.

Meni swichi na breka ya taa zikiwa zimezimwa, tenganisha nyaya zote zisigusane. Weka multimeta kwenye mlio. Zima swichi za taa nyingine zote kwenye sakiti hiyo, maana balbu za zamani za waya zinaweza kuliza multimeta. Shika kebo moja, gusisha nyekundu na nyeusi yake, na mtu wa pili awashe na kuzima swichi ya chumba hicho. Kebo inayolia swichi ikiwashwa na kunyamaza ikizimwa ndiyo ya swichi. Nyekundu yake inaenda kwa M, nyeusi yake ni S. Kebo zilizobaki ni za kuingia na kutoka: nyekundu kwa M, nyeusi kwa N. Ukikuta kebo mbili tu badala ya tatu, hiyo ni taa ya mwisho kwenye mstari.

Kama ni nyaya moja moja ndani ya paipu, si kebo, pima kila jozi inayowezekana kwa namna hiyo hiyo. Njia hii itakupa jozi ya M na S. Kujua yupi ni yupi kati yao ni kutafuta nyekundu inayoendelea kwenda chumba kingine, na ukishindwa hapo simamisha kazi, mwite fundi.

Umefaulu hatua hii ikiwa kila waya unaning'inia na herufi yake na hakuna hata mmoja unaouonea shaka.

## Hatua ya 4: Toa rozi, kagua boksi

Legeza nyaya, fungua skrubu mbili zinazoshika kitako, kiteremshe. Mara moja valisha kila mwisho wa waya konekta au tepu.

Sasa mulika ndani. Unachotafuta kwanza ni hali ya ganda la waya. Balbu za wati 100 zilichoma juu kwa miaka, na sentimita mbili za mwisho za waya huwa ngumu na zinapasuka zikikunjwa. Kata sehemu hiyo mpaka ufikie ganda laini. Ukibaki na waya chini ya sentimita 10 nje ya boksi, ongeza kipande cha waya wa milimita 1.5 kwa konekta. Usilazimishe waya mfupi ufike, utachomoka siku taa ikitingishwa.

Toa mabaki ya plasta na viota vya sisimizi. Jaribu skrubu mpya za M4 kwenye masikio ya boksi. Zikizunguka bila kubana, uzi umeliwa, na taa haitashikwa na boksi hilo. Utatoboa pembeni.

## Hatua ya 5: Funga bamba

Taa nyingi zinakuja na bamba la chuma lenye matundu marefu. Masikio ya boksi la kawaida la duara yako umbali wa milimita 50.8, yaani inchi 2, na matundu marefu yanakubali umbali huo. Pima kabla ya kupanda.

Pitisha nyaya katikati ya bamba *kabla* ya kukaza skrubu. Inaonekana jambo dogo, lakini ndilo linalowafanya watu washuke na kupanda mara tatu. Angalia pia ukingo wa tundu hilo. Ukiwa na makali, uzungushie tepu.

Dari ya zege, boksi halifai. Weka bamba, tia alama mbili. Kabla ya kutoboa, mulika ndani ya boksi uone paipu zinaingilia pande zipi. Paipu hizo zinaendelea moja kwa moja ndani ya zege, zikiwa na nyaya. Toboa katikati ya paipu mbili, kamwe si kwenye mstari wa paipu. Zungushia biti tepu kwenye milimita 35 ili usizame zaidi. Rolplagi iingie kwa kugongwa kidogo. Ikiingia kwa kidole, tundu limepanuka na skrubu itashuka nayo.

Dari ya jipsamu. Mara nyingi hakuna boksi kabisa, ni tundu tu na nyaya zinachungulia. Gonga kwa kidole kutafuta mbao au chaneli ya chuma. Sauti inabadilika kutoka wazi kuwa nzito. Ukiipata, funga skrubu hapo. Usipoipata, anka za kipepeo zinatosha kwa taa nyepesi ya LED, si zaidi. Skrubu iliyoingizwa kwenye jipsamu tupu haishiki. Itakaa wiki, kisha taa itaning'inia kwa nyaya zake.

Umefaulu ikiwa unalivuta bamba chini kwa nguvu inayozidi sana uzito wa taa na halichezi wala halitoi vumbi.

## Hatua ya 6: Unganisha

Tundika taa kwenye bamba kwa kipande cha waya laini, au mtu wa pili aishike. Uzito wake usibebwe na konekta hata dakika moja.

Chuna milimita 8 kwa konekta ya skrubu, milimita 11 kwa Wago za kiwiko za mfululizo wa 221. Waya mmoja wa milimita 1.5 ukiingia peke yake kwenye konekta kubwa, ukunje mara mbili ili skrubu ipate cha kubana. Nyaya laini za taa zisokote vizuri kwanza; unywele mmoja uliobaki nje unatosha kugusa jirani.

Fuata mpangilio huu:

1. Ethi kwanza, nyaya zote za kijani pamoja na ya taa. Kama taa ni ya miraba miwili, ziunganishe zenyewe kwenye konekta na uzisukume ndani. Usizikate. Taa inayofuata kwenye mstari inaweza kuwa inazitegemea.
2. N zote pamoja na waya wa bluu wa taa.
3. S na waya wa kahawia wa taa. Hawa wawili tu.
4. M zote kwenye konekta yao wenyewe. Hazigusi taa mahali popote.

Namba 4 ndiyo inayosahaulika. Taa mpya ina terminali za L, N na ethi tu, haina chumba cha M kama rozi ilivyokuwa. Mtu akiona nyekundu tatu zimebaki anazipeleka L. Konekta ya M unatakiwa uilete wewe. Kwenye kasha la taa haimo.

Kama taa mpya ni holda ya E27, ile ya balbu ya kuzungusha, S aende kwenye kitako cha katikati na N kwenye ukuta wenye nyuzi. Ukigeuza, anayebadilisha balbu anashika chuma chenye moto.

Vuta kila waya mmoja mmoja. Unaochomoka sasa ungechomoka baadaye na cheche juu yake. Kusokota nyaya na kufunga tepu peke yake tusiite kuunganisha: gundi ya tepu inalegea kwa joto la dari, na kiungo kilicholegea kinachemka.

## Hatua ya 7: Pima kabla ya kurudisha umeme

Dakika moja hapa inaokoa breka, swichi na heshima.

Meni swichi na breka ya taa bado zimezimwa, swichi za taa nyingine pia zimezimwa. Weka multimeta kwenye mlio, gusisha L na N za taa. Mtu awashe swichi ya chumba, kisha aizime. Isilie mara zote mbili.

Ikilia pale swichi inapowashwa tu, S yuko kwenye kundi la nyutro. Rudi hatua ya 3. Ikilia mara zote mbili, nyaya zinagusana ndani ya boksi au kwenye konekta. Pima pia L na ethi, N na mwili wa chuma wa taa kwa namna hiyo hiyo.

N na ethi, au N na mwili uliofungwa ethi, zinaweza kulia kama meni swichi yako inakata moto peke yake, kwa kuwa mara nyingi hukutana mahali fulani kabla au baada ya mita. Hilo si kosa lako. Kama meni swichi inakata nyutro pia, mlio huo ni waya unaogusa ethi, utafute.

## Hatua ya 8: Funga na uwashe

Sukuma konekta ya M ndani kabisa, kisha nyingine. Kaza taa taratibu ukiangalia pembeni: waya uliobanwa kati ya kitako na dari utakatwa na ukingo wa bati, na utajua wiki mbili baadaye. Matundu yasiyotumika yazibe kwa raba zilizokuja na taa. Bila hizo, mwezi mmoja tu unatosha kujaza kifuniko wadudu waliokufa, na mjusi mmoja anayepita kwenye terminali anaweza kuzima nyumba nzima.

Hakikisha swichi ya chumba imezimwa. Rudisha meni swichi, halafu breka ya taa, halafu inveta kama ipo. Taa isiwake. Bonyeza swichi, iwake. Zima, izimike kabisa. Pita vyumba vingine vyote, jaribu taa zake. Iache nusu saa ikiwa imewashwa: kitako kiwe vuguvugu, kusiwe na harufu wala mlio wa kukwaruza.

## Dalili na maana yake

Inawaka swichi ikiwa imezimwa, inapiga shoti ikiwashwa. Waya S umeunganishwa na nyutro.

Haizimiki kabisa, na hakuna shoti. Waya wa kahawia wa taa uko kwa M badala ya S.

Taa hii inawaka, ya chumba cha pili imekufa. M au N moja imechomoka kwenye konekta au imeachwa peke yake.

Imezimwa lakini inatoa mwanga hafifu usiku. Swichi ina kitaa kidogo cha kuonyesha gizani, au swichi inakata nyutro badala ya moto. La kwanza badilisha swichi. La pili ni hatari, kwa kuwa taa ina moto hata ikizimwa. Fundi ageuze nyaya kwenye chanzo.

Breka ya RCCB, ile inayokata umeme ukivuja, inakata mara taa inapofungwa. N inagusa ethi au mwili wa taa upande wa nyumba. Tafuta waya uliobanwa.

Inapepesa. Kaza nyutro kwanza. Ikiendelea, angalia kama swichi ni dima, ile ya kupunguza mwanga. LED nyingi haziivumilii.

Imeungua siku ile ile. Soma tena volti kwenye kibandiko. Kama ni sahihi, washa taa za vyumba vingine. Zikionekana zinang'aa kupita kiasi au zinafifia kila kifaa kizito kinapowashwa, huenda nyutro kuu imelegea, kwenye nguzo, mita au DB, na tatizo halimo tena darini. Zima meni swichi, chomoa friji na televisheni, piga simu TANESCO au Kenya Power, na usirudishe umeme mpaka wafike.